Mpira mpya wa ekseli usifunike jointi chafu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie kazi moja ambayo wenye malori ya zamani ya kijeshi, hasa yale ya Kimarekani ya aina ya M35, wamezoea kuifanya nusunusu, nayo ni kubadilisha mipira ya ekseli ya mbele, yaani vifuniko vya mpira vyenye mikunjo vinavyokinga jointi za shafti karibu na magurudumu. Ushauri unaozagaa siku hizi ni kwamba mpira uliopasuka ukatwe kwa kisu, pavishwe mahali pake mpira wa zipu, yaani ule wenye mshono unaofungwa kutoka nje bila kufungua kitu, na lori lirudi kazini siku hiyohiyo. Mpira wa zipu una matumizi yake, na nitayaeleza. Hata hivyo, kuuvisha juu ya jointi ambayo haijafunguliwa wala kusafishwa ni kuficha ugonjwa, na ninawasihi wenye malori haya wasikubali kufanyiwa kazi ya namna hiyo.

M35 ni lori la tani 2 na nusu lililoingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ekseli zake zote 3 zinaweza kupokea nguvu ya injini. Kwa kuwa magurudumu ya mbele yanapaswa kuvuta na papo hapo kukata kona, shafti ya kila upande ina jointi karibu na gurudumu. Baadhi ya malori hayo yana jointi ya Rzeppa, iliyobuniwa na Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, ambayo hupitisha nguvu kwa golori 6 zinazotembea kwenye mifereji iliyochongwa kwa usahihi mkubwa. Jointi hiyo huishi ndani ya grisi, na kitu pekee kinachoitenga na tope, mchanga na maji ni ule mpira mnene wenye mikunjo, uliobanwa kwenye ekseli upande mmoja na kwenye kiungo kinachogeuka na gurudumu upande wa pili.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba lori lenye mpira uliochanika huendelea kutembea vizuri kwa muda mrefu. Dereva hasikii mlio wala mtikisiko wowote, kwa sababu katika barabara kavu ekseli ya mbele haivuti, bali mzigo wote huchukuliwa na ekseli za nyuma. Lakini habu za mbele za M35, yaani vitovu vinavyobeba magurudumu, kama zilivyotoka kiwandani, hazina kifaa cha kuzitenganisha na shafti, hivyo gurudumu likizunguka na jointi nayo huzunguka, iwe inavuta au haivuti. Mchanga ulioingia husaga golori na mifereji yake kila kilomita, kimyakimya, na maji hukaa humo hadi kutu ishike. Madhara huonekana siku lori linapozama topeni na ekseli ya mbele ikaanza kuvuta, yaani siku ileile ambayo nguvu ya magurudumu hayo inahitajika kuliko siku nyingine yoyote. Nimeshuhudia jointi ya namna hiyo ikipasuka, na gharama yake haikukaribiana hata kidogo na bei ya mpira.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji kifaa. Usukani ukatwe hadi mwisho upande mmoja, kisha mikunjo iliyotanuka ifunguliwe kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, kwa maana nyufa huanzia chini ya mkunjo ambako hazionekani gurudumu likiwa limenyooka. Baada ya hapo usukani ukatwe upande wa pili na mikunjo iliyokuwa imejibana ikaguliwe vivyo hivyo. Mpira ukiwa umepasuka, chukua grisi kidogo uisugue kati ya vidole viwili mahali penye mwanga: grisi iliyogeuka rangi ya maziwa machafu imeingiwa na maji, na ile inayokwaruza ngozi imeingiwa na mchanga. Katika hali zote mbili hakuna dawa nyingine isipokuwa kuishusha jointi.

Kuishusha ni kazi nzito, silikatai. Lori tupu lina uzito wa karibu kilo 5,900, na ekseli lazima ikae juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Gurudumu, habu na dramu ya breki hutolewa, kisha spindo (bomba fupi ambalo habu huzungukia), na hapo ndipo shafti huvutwa nje pamoja na jointi yake. Kwa mpira mzima usio na mshono, kiungo chenyewe cha gurudumu nacho hushushwa kutoka kwenye kingipini (pini ambazo hugeukia), na shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi) za juu na za chini zinapaswa kutengwa kila moja kwa alama yake ili zirudi zilikotoka. Wakati wa kurudisha shafti, mtu mmoja aibebe kwa mikono hadi meno yake yaingie kwenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli, maana ikiburutwa juu ya sili ya ndani (pete ya kuzuia oili) huikata mdomo, na kazi yote itarudiwa.

Sili hiyo ya ndani ndiyo mafundi wengi huipuuza, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu mipira mingi kuliko miiba na mawe. Kazi yake ni kuzuia oili ya difu isifike kwenye jointi. Ikichoka, oili hupenya, huyeyusha grisi, hujaa ndani ya mpira na kuulainisha hadi uvimbe na kulegea kwenye klempu zake, yaani vibanio vinavyoushika. Anayekata mpira wa zamani na kukuta oili nyepesi ikimwagika badala ya grisi ajue kwamba mpira haukuwa chanzo cha tatizo. Aangalie pia kipumulio cha ekseli, kitundu cha kutolea hewa ya ndani, ambacho mara nyingi huzibwa na tope lililokauka au kupakwa rangi juu kwa juu na mtu aliyetaka kulipendezesha lori. Kipumulio kikiziba, hewa ya ndani ya ekseli hupata joto safarini, shinikizo hupanda, na oili husukumwa kupita hata kwenye sili mpya.

Kuna sababu nyingine ya kufungua ambayo kwangu inazidi zote, nayo ni breki. M35A2, toleo la baadaye la lori hili, ina mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote, hivyo silinda moja ya gurudumu ikivuja inaweza kuliacha lori zima bila breki. Habu ikiwa imeshatolewa, silinda, paipu ya mpira na viatu vya breki viko mbele ya macho ya fundi, na fursa hiyo haipatikani kwa anayevisha zipu kutoka nje. Vumbi lililomo ndani ya dramu lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwani bitana za breki za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Sasa niuzungumzie huo mpira wa zipu. Unafaa pale ambapo mpira umepasuka hivi karibuni, grisi ni safi na sili ya ndani haivuji, au pale ambapo lori limekwama mbali na karakana na linahitaji kinga ya kulifikisha nyumbani. Atakayeuvisha asafishe kingo zote mbili hadi chuma kiwe kikavu, apake gundi kwenye mshono kama maelekezo ya mtengenezaji yanavyosema, na aipe muda wa kukauka kabla ya kukata usukani. Mimi huuelekeza mshono juu, kwa sababu mikunjo ya mbele na ya nyuma ndiyo inayotanuka na kujibana zaidi gurudumu linapogeuka, na sehemu ya chini ndiko maji na tope hukusanyika.

Wanunuzi wa mipira waangalie pia umri wake. Mipira mingi inayouzwa kuwa mipya imetoka maghala ya jeshi na imekaa ndani ya boksi kwa miongo kadhaa, na mpira wa asili huzeeka hata usipotumika. Soma tarehe iliyopigwa kwenye kifungashio, kisha ukunje ukingo kwa nguvu. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, urudishe kwa muuzaji.

Ombi langu kwa mwenye lori ni kwamba, kabla hajalipa, amwombe fundi amwonyeshe mpira uliotolewa pamoja na grisi ya zamani iliyokombwa kwenye jointi. Kisha gurudumu likiwa bado juu, akate usukani pande zote mbili mwenyewe huku akitazama kama mikunjo inafunguka bila kubanwa na chuma, na baada ya safari ya kwanza apitishe kidole chini ya klempu kuona kama kuna oili.

Wako,
Fundi wa malori na msomaji wa siku nyingi