Mgonjwa akiachwa nyumbani, nani anampokea?

Mhariri,

Wazo la kuwaacha nyumbani wagonjwa wasio na hatari kubwa, wakahudumiwa na zahanati ya jirani badala ya kukimbizwa hospitali za Mawenzi au KCMC, sisi wahudumu wa gari la wagonjwa tunaliunga mkono. Kinachotusumbua ni namna linavyosemwa, kana kwamba gari likigeuza tupu kazi imepungua. Kumbeba mtu ni rahisi; kumwacha ndiko kunakotaka muda.

Chukua mgonjwa wa kisukari aliyelegea sebuleni, kipimo cha sukari cha kidole kinasoma 2.6 (mmol/L), yaani imeshuka mno. Kama yuko macho na anameza, hupewa sukari vijiko vya chai vitatu hadi vinne kwenye maji, akapimwa tena baada ya dakika 15. Ikivuka 4 anakula chochote kilichopo jikoni. Nusu saa baadaye anataniana na wajukuu, na familia inakuaga kwa shukrani. Hapo ndipo penye mtego. Kabla ya kufunga begi, omba uletewe vifuko vyote vya dawa. Aliyechoma insulini asubuhi akachelewa kula anaweza kubaki, maana sababu inajulikana. Anayemeza vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi asibaki: dawa hiyo huendelea kuisukuma kongosho itoe insulini, na sukari inaweza kushuka tena usiku wa manane, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Ukikuta metformini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake, shuku zaidi, kwani kwa kawaida haishushi sukari kiasi hicho.

Vipimo vichukuliwe mara mbili, dakika 15 kati yake. Pumzi ihesabiwe dakika nzima, isikadiriwe. Kwa mtu mzima aliyetulia tunatarajia 12 hadi 20. Kipimo cha oksijeni kisiwekwe kwenye kidole chenye piko, na kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo asilimia 94 isimpumbaze mtu. Mwisho mgonjwa atembee hadi chooni na kurudi. Wengi namba zao ni nzuri wakiwa wamelala tu.

Mjamzito mwenye malalamiko, maumivu ya kifua, kichanga chenye homa, mzee aliyegonga kichwa naye anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: hao hawana mjadala, wanapanda gari.

Kisha nyumba yenyewe. Awepo mtu mzima wa kulala naye, simu yenye chaji, na njia. Masika, gari lililopanda Kibosho saa 12 jioni huenda lisipande tena saa 6 usiku. Mwenye vipimo vilevile akiwa Majengo, mjini, ataachwa. Akiwa juu mlimani ni heri ateremshwe mapema.

Mambo huharibikia kwenye makabidhiano. "Nenda zahanati kesho" si rufaa. Fomu iwe na nakala mbili, zote zikiandikwa vipimo na saa zake: moja ya mgonjwa, pamoja na dalili za kumfanya apige simu tena, nyingine ya muuguzi anayejulikana kwa jina, aliyekubali kwa simu kabla gari halijaondoka. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kupita asubuhi, ila vijiti vya kupimia sukari vikimwishia, ziara yake inakuwa ya salamu.

Na kama gari hulipwa pale tu linapofikisha mtu hospitali, dakika 50 za kumtibu na kumwacha kwake hazimo kwenye bei. Wanaoandaa utaratibu waanzie hapo.

Wahudumu wa huduma za dharura,
Moshi