Kina mama wa kikoba, tuongee kuhusu mifupa

Wanangu, salamu kwenu nyote. Mwenzetu mmoja kateleza bafuni juzi, kuteleza tu kule kwa kukaa chini, akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika, sasa yuko na hogo. Kila aliyeenda kumpa pole kamwambia ndo uzee huo mama. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Ukianguka kutoka urefu wako wa kusimama mfupa ukakatika, basi ulishadhoofika siku nyingi na wala hukujua, mana osteoporosisi, yaani huo ugonjwa wa mifupa kudhoofika, haiumi mpaka kitu kivunjike, na panapovunjika sana ni kifundo cha mkono, nyonga na pingili za mgongo. Za mgongo ndo zinatuponyoka, pingili inabonyea taratibu, unafika siku unashangaa dera lako lile lile linaburuza chini, kumbe umefupika, alafu kibiongo kinaanza.

Sisi wanawake ndo tuko hatarini zaidi. Mfupa unajijenga mpaka miaka kama 30 hivi, baada ya hapo unapungua polepole, sasa hedhi ikikoma homoni ya estrojeni inashuka na mfupa unaliwa kwa kasi. Kwa hiyo wewe uliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, au ulitolewa mifuko ya mayai, au mama yako alivunjika nyonga, au mwembamba sana, au unavuta sigara au pombe kwako ni ya kila siku, nakuomba nenda hospitali umuulize daktari habari ya kupima uimara wa mifupa. Wanaume pia inawapata, hasa wakishazeeka.

Kinachoniuma zaidi ni nyie mabinti mnaonunua deksa (deksamethasoni) dukani, vidonge vya kuhesabiwa kwenye kikaratasi, eti mnenepe mashavu na hipsi. Ile ni steroidi jamani, dawa kali ya jamii ya homoni! Ukiinywa miezi inakula mfupa, na wewe ndo kwanza uko umri wa kuujenga. Kuleni dagaa wazima na mifupa yake, maziwa mgando, mtoke nje muote jua, mtembee kwa miguu.

Ila mwenye pumu au ugonjwa mwingine aliyeandikiwa prednisoloni, nayo ni steroidi, na daktari asiache ghafla kwa barua yangu hii, na hata huyo wa deksa kama ashakunywa muda mrefu asikate tu mwenyewe, ni hatari, aende akamwambie daktari ukweli wote apunguziwe taratibu.