Tusipimwe kwa kibaba cha Cabo Verde

Mhariri,

Tangu Shirika la Afya Duniani liipe Cabo Verde cheti cha kutokomeza malaria, Januari 2024, hapa Wete hakuna baraza lisilokuwa na mtu wa kulaumu: "Wao visiwa, sisi visiwa, mbona wametushinda?" Mimi nimefanya kazi maabara, kazi ya kusoma vioo vya damu, na hesabu hii inanikera.

Cheti hupewa nchi. Hata Unguja na Pemba zikikaa miaka mitatu bila mtu kuambukizwa hapa hapa, hakiji, maana tumo ndani ya Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 8 ya watoto wadogo Bara. Kwetu haikufika asilimia 1. Ukichanganya, sisi hatuonekani kabisa.

Halafu bahari. Cabo Verde iko zaidi ya kilomita 500 kutoka pwani ya Senegal. Unguja na Bara ni kama kilomita 35 tu, na boti zinapishana kutwa. Nikiona vimelea kwenye kioo, swali langu lilikuwa moja: "Wiki mbili hizi ulilala wapi?" Mara nyingi naambiwa Tanga, au Dar. (Mauritius nayo, yenye cheti tangu 1973, iko mbali huko katikati ya bahari!)

Basi naomba gazeti lenu, mkichapa takwimu za malaria, mtenganishe walioambukizwa hapa na waliorudi nayo safarini.

Mstaafu wa maabara,
Wete, Pemba