Heri ya Krismasi wapendwa, toka huku Maryland

Shikamooni wakubwa zangu wote, wadogo hamjambo. Najua saivi simu zenu zimejaa picha za mishumaa na kengele zinazozunguka toka group moja hadi jingine, ila mimi kama kaka mkubwa nisipoandika mtasema Marekani imenibadilisha, kwa hiyo pokeeni salamu zangu, heri ya Krismasi na fanaka tele za mwaka mpya, Mungu awape afya njema nyie na watoto.

Mwaka umekuwa mgumu jamani tusidanganyane. Huku mayai, kodi ya nyumba, bima ya gari, kila kitu kimepanda, na tiketi ya Disemba ya kuja KIA ukiiangalia unazima simu taratibu unarudi kulala. Huko nako nasikia ndio hivo hivo, mchele haushikiki, na nauli ya kupanda Moshi ikishafika tarehe 20 inajipangia yenyewe.

Sasa wiki mbili zilizopita nilipata off ya siku moja nikavuka lile daraja refu la Chesapeake nikaenda Dorchester. Ni kaunti ya shamba kabisa, mahindi na soya, mabwawa ya matope, watu wanavua kaa, mji wao mkubwa ni Cambridge na ukiendesha dakika kumi umeumaliza. Katika watu wake wa zamani yupo gavana, Thomas Hicks, alizaliwa 1798, ndiye aliyekuwa anaongoza Maryland vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Gavana mi nilimpita tu. Kaunti ya jirani, Talbot, ndiko alikozaliwa Frederick Douglass 1818, yule aliyetoroka utumwani akawa msemaji maarufu wa kuupinga, mtu mkubwa vile na hakuwahi kuijua tarehe yake ya kuzaliwa, akaja kujichagulia mwenyewe 14 Februari. Mimi nilifuata habari za Harriet Tubman, mwanamke aliyezaliwa mtumwa hapo hapo Dorchester. Naye tarehe yake haijulikani, wanasema kama 1822, nyumbani walimwita Minty. Alipokuwa binti mdogo, kwenye duka la pale Bucktown, msimamizi alirusha jiwe la mizani la ratili mbili akimlenga kijana mwingine likampata yeye kichwani, na maisha yake yote akawa anaweza kuzama usingizini katikati ya maongezi. Mtu huyo huyo ndo alitoroka utumwani 1849 halafu akarudi kama mara 13 kuwachukua wenzake, watu kama 70.

Lakini kilichonikalia moyoni ni Krismasi ya 1854. Kaka zake watatu walikuwa wapigwe mnada siku inayofuata baada ya Krismasi, akapata habari akarudi kuwachukua. Mmoja, Robert, alichelewa maana usiku uleule mkewe alishikwa na uchungu wa kuzaa, akamwacha hivo hivo, hebu fikirieni. Asubuhi wakawa wamejificha kwenye kibanda cha mahindi karibu na nyumba ya wazazi wao, Poplar Neck, kaunti ya Caroline. Mama yao, Rit, alishachinja nguruwe, kashapika, anawasubiri wanawe waje kula sikukuu kama kila mwaka. Na hawakumwambia kuwa wapo pale nje! Walijua atalia kwa sauti na majirani watasikia. Wakatuma watoro wengine waliokuwa nao, ambao mama hakuwajua, wamwite baba yao pembeni, mzee akawaletea chakula akikwepa kuwaangalia, na usiku walipoondoka alijifunga kitambaa machoni akawasindikiza wanae wakimshika mkono, ili akiulizwa kesho aseme sijamwona hata mmoja, na isiwe uongo. Kabla ya kuondoka walimchungulia mama yao yuko kwenye moto, kiko cha tumbaku mdomoni, kaegemeza kichwa mkononi. Wakaenda. Tarehe 29 walikuwa Philadelphia.

Nilikaa kwenye gari nikashindwa kuwasha. Maana nyie mnajua habari ya beberu. Mama alikuwa ananifugia beberu, kila nikipiga simu anasema huyu wako kanenepa, njoo kabla hajazeeka, nami nasema Disemba hii mama nakuja, nimesema hivo Disemba nne. Sikuwa nimejificha kwenye kibanda, nilikuwa nafanya ovataimu. Mwezi wa tano kazini wakanipa siku tano za kuja kuzika, beberu akachinjwa tukalisha waombolezaji, na mama mkubwa akaniletea ini kwenye sahani peke yangu, akasema hili ni lako, alisema ni lako. Nikala. Sijamwambia mtu mpaka leo nilivyokula lile ini.

Kwa hiyo vijana mnaonisoma mkiwa Dar, Arusha, Dubai, Houston na kwingine, kama mama yako yupo hai usimpe ahadi ya tarehe usiyoijua. Mwambie mama mwaka huu sina hela, ataelewa, hawa wamama wameelewa makubwa kuliko hayo. Na mliopanda nyumbani, msishinde baa ya barabarani toka asubuhi mpaka jioni halafu mnaingia kwa mama mnanuka, mtori umepoa. Douglass alieleza kwamba mabwana waliwapa watumwa mapumziko toka Krismasi hadi mwaka mpya na kuwahimiza walewe mpaka wauchukie uhuru wenyewe, wakirudi shambani waone bora kazi. Nyie nani anawalazimisha? Kaeni jikoni, shikeni kisu mmenye ndizi, msikilize hadithi ileile ya mwaka jana hata kama mnaijua mwisho wake. Harriet alirudi 1857 akawachukua wazazi wake wote wawili, wazee kabisa, sisi tunashindwa kumpeleka mzee hospitali kumpima presha mpaka tuitishe kikao na michango, na kwenye kikao tunagombana nani alichanga nini mwaka juzi, tena mbele yake. Tuombe msamaha kwa Mungu na kwao.

Haya nimeongea sana, samahani, mnanijua. Nawatakia sikukuu njema yenye amani na upendo, wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama, madereva msikimbize magari usiku. Mi nina shifti usiku wa mkesha, ila nitapiga mkitoka ibadani. Baba mdogo, ukiombea chakula naomba umtaje mama kwa jina lake, usiseme tu marehemu. Hela ya mbuzi nimetuma kwa simu ya dada, na ya kutolea imo.