Barua ya wazi kwa Afisa Uvuvi: kipimo cha saa 4 asubuhi

Ndugu Afisa,

YAH: MAJI YA MABWAWA YA KAMBA, LINDI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, kama ulivyohusika na barua zetu mbili zilizotangulia.

Juzi kamba wamekutwa kingoni mwa bwawa, wamelala ubavu. Watu wako walifika saa 4 asubuhi, wakatumbukiza kipimo, wakasoma oksijeni miligramu 6 kwa lita, wakaandika "maji mazuri". Kwa saa hiyo, ni kweli. Vijimea vya bwawani hutoa oksijeni jua likiwaka. Usiku navyo vinaivuta, pamoja na kamba na tope. Hewa hupungua kuliko wakati wowote karibu na mapambazuko. Kipimo cha saa 11 alfajiri kingesema mengine, lakini saa hiyo ofisi haijafunguliwa, tunaelewa.

Na hewa si kisa chote. Bwawa lilikuwa na siku 25 tangu kupandwa. Kamba waliopasuliwa walikuwa na utumbo mtupu, na ini limesinyaa, limepauka, ukilibana kwa vidole halipondeki. Kukosa hewa peke yake hakufanyi ini hivyo. Sisi tunahisi ni vibrio, bakteria wa maji ya chumvi, na mvua ya wiki ile ilichangia: maji ya mvua yasiyo na chumvi yalikaa juu, ya chumvi chini, tope jeusi likabaki halipati hewa, linanuka mayai viza. Tunahisi tu. Ndiyo shida yenyewe.

Ushauri wako ulikuwa "mwageni klorini". Bwawa la mita za ujazo 1,000 linataka kama kilo 43 za unga wenye klorini asilimia 70 kufikia gramu 30 kwa kila mita ya ujazo. Ikimwagwa kamba wakiwamo, inawaua. Ikimwagwa kabla, inaua wabaya na wema, kisha anayewahi kurudi ni vibrio, maana akipata joto na chakula hujigawa kila dakika 10 hivi. Maji yaliyosafishwa hayapandwi siku hiyo. Husubiriwa klorini iishe na rangi ya kijani irudi. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi yako.

Makosa yetu tunayajua. Chano cha chakula kikivutwa baada ya muda wa saa mbili na chakula kimebaki, mlo unaofuata hupunguzwa, na wapo wasiopunguza. Wapo pia wanaopanda bila kukausha bwawa mpaka udongo upasuke. Wengine wananunua dawa za kuku dukani wanachanganya na chakula, kwa sababu hakuna wa kuwaambia wanapigana na nini.

Uliahidi maabara. Achana nayo. Tunaomba unga wa TCBS, ule wa kuoteshea vibrio, sahani, na kabati dogo la joto, hapa hapa Lindi. Unga huo unachemshwa tu, wala hauhitaji mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu. Maji ya bwawa yakipakwa kwenye sahani leo, kesho madoa ya vibrio walioota yanahesabika: ya njano, na ya kijani ambayo ndiyo ya kutazamwa zaidi, ingawa si kila la kijani ni muuaji. Sampuli inayosafiri zaidi ya kilomita 400 kwa basi hadi Dar es Salaam inafika ikiwa na hesabu nyingine kabisa.

Kabati la joto, Ndugu Afisa. Linaingia kwenye kona ya ofisi yako, pale palipokaa zile pikipiki mbovu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wafugaji wa kamba, Lindi