Barua ya Malalamiko: Pikapu Yangu Mliyoishusha na Matairi Mliyoniuzia

Kampala

Kwa Meneja Mkuu,

YAH: KAZI MBOVU YA KUSHUSHA PIKAPU, MATAIRI NILIYOUZIWA KINYUME CHA MAKUBALIANO, NA KUDHALILISHWA NA MSIMAMIZI WENU WA MAFUNDI

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia kuhusu pikapu yangu ambayo gereji yenu iliishusha, yaani kuipunguza kimo ili ikae karibu na ardhi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyopatania bei ofisini kwako, na sitaki baadaye isemwe kwamba hatukuelewana. Masharti ya dhamana yenu yamebandikwa ukutani juu ya dawati la malipo, kwa hiyo sina haja ya kukukumbusha yanasema nini.

Nitaanza na Jumamosi niliyoirudisha gari, kwa sababu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Nilimwomba msimamizi wenu wa mafundi, kwa adabu kabisa, aje atazame jinsi matairi ya nyuma yalivyochanika ubavuni. Hakuinuka kwenye kiti. Aliligusa tairi kwa ncha ya kiatu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima: “Mzee, gari la kukaa chini ni la vijana. Kama limekushinda, mpe mwanao aliendeshe.” Wateja wakacheka. Mwanangu huyo aliyetajwa alikuwa amesimama pembeni yangu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Tulikubaliana, na karatasi ya makadirio ipo, kwamba mbele gari lishuke inchi mbili kwa springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na nyuma lishuke inchi tatu kwa springi bapa zilizopunguzwa upinde. Napenda pikapu iliyokaa chini, nimeipenda tangu ujana wangu, na simwombi mtu yeyote radhi kwa hilo. Lakini najua pia kwamba gari linashushwa kwa vipimo. Mlichofanya nyinyi ni kuitoa ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, chini ya springi na kuipandisha juu yake, njia ambayo kwa kawaida hushusha gari inchi tano au zaidi, halafu hamkukata na kuimarisha chesisi, yaani fremu ya chuma ya gari, pale juu ya ekseli ili ipate nafasi ya kucheza. Matokeo yake kila tuta la barabarani linaifanya ekseli iigonge chesisi kwa kishindo ambacho abiria wa nyuma anakisikia mpaka kwenye meno. Kuhusu mbele, fundi niliyempelekea gari baadaye alipofungua gurudumu alikuta springi zilezile za kiwandani zimekatwa kwa gesi, ncha bado ni nyeusi na zina matone ya chuma kilichoyeyuka. Chuma cha springi kikipigwa moto namna ile hupoteza ugumu wake, na ncha iliyokatwa ovyo haikai sawasawa kwenye kikalio chake. Ndiyo maana upande wa kushoto umelala chini kuliko wa kulia, jambo ambalo mtu analiona akiwa ng'ambo ya barabara. Springi mpya nilizolipia ziko wapi, Ndugu Meneja? Kwenye risiti zimo.

Baada ya kushusha gari hamkupima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, ingawa hilo nalo limo kwenye risiti. Gari likishuka, magurudumu ya mbele huinamia ndani kwa juu, na yasiporekebishwa tairi hulika upande wa ndani tu. Langu limekwisha kulika hivyo.

Kubwa kuliko yote ni breki. Pikapu hii ina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kifimbo, kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikikaribia ekseli, valvu inaelewa kwamba gari limepakia, nayo inapeleka nguvu zaidi nyuma. Mkashusha nyuma kiasi kile bila kukigusa kifimbo, na tangu siku hiyo valvu inaamini nimepakia tani ya saruji hata gari likiwa halina mzigo. Kwenye barabara ya Jinja, kabla ya kufika Lugazi, mvua ikinyesha na lori la miwa likiwa mbele yangu, nilikanyaga breki kidogo tu na magurudumu ya nyuma yakafunga kabla ya yale ya mbele. Mkia wa gari ukahama kuelekea upande wa magari yanayokuja. Mungu alipenda tu. Hayo yalitokea kabla ya ile Jumamosi, na nilimweleza msimamizi wenu neno kwa neno kabla hajaninyooshea kiatu chake.

Kuhusu matairi. Gari lilitoka kiwandani na matairi ya 265/65 R17, yaani upana wa milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Nilipochagua rimu za inchi 20, muuzaji wenu mwenyewe aliandika 265/50 R20, na alikuwa sahihi, kwa sababu kipenyo chake ni milimita 773 dhidi ya 776 za zamani, tofauti ambayo mita ya mwendo haiitambui. Mlichonifungia ni 245/45 R20, chenye kipenyo cha milimita 728 hivi. Mita ikisoma 100, mimi natembea takriban 94, na gari limezidi kushuka sentimita mbili na nusu ambazo hakuna aliyeziomba. Hilo ningelivumilia. Lakini tairi la zamani lilikuwa na namba ya mzigo 112, yaani kilo 1,120 kwa kila tairi, na haya mliyonifungia yana 99, yaani kilo 775. Hii ni pikapu, Ndugu Meneja, inabeba mizigo. Nani katika uwanja wenu alitazama namba hiyo? Na mkiwa mnatazama, someni pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT kwenye matairi mliyoniuzia kama mapya: 2816. Yaani yalitengenezwa wiki ya 28 ya mwaka 2016. Kwenye risiti mmeandika “mapya kabisa”.

Nati nazo. Nati za kiwandani za rimu zangu za zamani zina washa bapa. Rimu mpya zina matundu yenye mdomo wa koni na zinataka nati za koni. Mlirudishia zilezile za washa bapa, zikawa hazikai. Kijana wa kuziba pancha pale Mukono ndiye aliyeniambia kwamba gurudumu la nyuma kulia linacheza, akakaza nati kwa mkono wake na hakunidai hata shilingi. Kijana huyo hana uwanja wenye vigae wala dawati la malipo.

Narudi kwenye ile Jumamosi, maana naona nimeieleza kwa kifupi mno na pengine ukadhani ni utani wa mafundi. Msimamizi wenu alikuwa na chupa ya soda mkononi. Kabla ya kunijibu alimwita kijana aliyekuwa akiosha rimu aje asikie. Ufunguo wa gari langu alikuwa nao yeye, akiuzungusha kidoleni, na nilipounyooshea mkono hakunipa mpaka alipomaliza maneno yake. Akalisukuma tairi kwa kiatu, mara mbili, kama mtu anayejaribu kumwamsha mbwa, akasema gari la kukaa chini ni la vijana, na kama limenishinda nimpe mwanangu. Nilipotaja dhamana, aliichukua risiti yangu, akaitupa juu ya boneti, akaniambia niende nikashitaki popote ninapotaka. Wateja walicheka, kijana wa rimu akatazama chini. Mwanangu alitaka kujibu nikamzuia, na tangu siku hiyo najiuliza kama nilifanya vema. Nimezidi miaka sitini. Katika mji huu hata askari wa trafiki anayenisimamisha huniamkia kwanza.

Nilikuwa nimekusudia kuomba jambo moja tu, kazi irudiwe kama ilivyo kwenye makadirio. Sitaki tena mikono ya gereji yenu kwenye gari langu. Nataka nirudishiwe shilingi 6,600,000 zote nilizolipa, rimu, matairi na ufundi. Nataka pia rimu zangu nne za kiwandani na matairi yake, ambayo mliyaweka stoo “kwa usalama” na ambayo stoo kipa wenu sasa anasema hayaoni. Kama yameuzwa, nataka thamani yake. Na gharama za fundi anayerudisha ekseli na kuweka springi mpya mtalipa nyinyi, kwa risiti nitakazoleta.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 wakili wenu anaijua. Madai madogo mahakamani yanaishia shilingi milioni 10, na nilitaka kubaki ndani ya kiwango hicho ili tumalizane upesi. Nikijumlisha rimu zilizopotea na matengenezo, nakivuka, na sioni tena sababu ya kuwapunguzia. Nitafungua kesi ya kawaida. Nakala ya barua hii, pamoja na picha za tarakimu 2816 na za springi zilizokatwa kwa gesi, itapelekwa Shirika la Viwango la Uganda, na picha nyingine za breki kwa wakaguzi wa magari wa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Nawapa siku saba tangu mtakapoipokea. Ndani ya siku hizo msimamizi wenu aniombe radhi palepale uwanjani, siku ya Jumamosi, wateja wakiwepo na mwanangu akiwepo. Fedha bila radhi hiyo sitazipokea, na radhi bila fedha msijisumbue kuileta. Jibu liwe la maandishi na lenye muhuri. Simu zenu sitazishika.

Wako,

Mwenye pikapu nyeupe, risiti yake mnayo