Hitima ya Fundi wetu: Jumamosi, Matondoni

Assalaam alaykum wanakikundi.

Jumamosi hii Fundi wetu wa vijahazi anatimiza siku 40 tangu afariki. Hitima itasomwa nyumbani kwake Matondoni baada ya sala ya alasiri. Mashua itaondoka Lamu mjini saa 8 kamili mchana, tafadhalini tusichelewe.

1. Mchango ni shilingi 500 kila mtu, kwa mweka hazina, kabla ya Alhamisi usiku.
2. Kila mmoja aje na kijahazi (jahazi dogo la mfano) alichofundishwa naye kuunda, hata kama hakijaisha. Maji ni bamvua, yaani yanajaa sana. Tukimaliza kisomo tutaviteremsha pale pale alipokuwa akivijaribu.
3. Kijahazi chake cha mwisho kimebaki bila foromali (mti wa kufungia tanga) wala tanga. Familia imeturuhusu tukimalizie. Nahitaji watu 2 wa kushona tanga.

Mimi kila nikishika tezo la kuchongea mbao namwona amefumba macho, anapitisha kidole gumba ubavuni mwa chombo, anasimama: "Hapa pana kinundu." Na kweli ukipapasa unakikuta. Hakuwahi kumfokea mtu, alikurudishia tu msasa mkononi.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Atakayekuja aandike "Nipo" hapa kabla ya Alhamisi, nimjulishe nahodha idadi. Wa kushona tanga, nijibuni leo.